Umfikishe Kwake Salama

Haya nilielezwa na Naliaka mwenyewe, mwaka jana mwezi wa Novemba, tukiwa ndani ya stoo yao huku Kuresoi tukichagua viazi vya mbegu. Alikuwa akigeuza kila kiazi mara mbili kabla ya kukitia kwenye debe, na maneno yake nayo yalitoka vivyo hivyo, hili akiligeuza, hili akiliweka kando. Nami naanza pale alipoanzia yeye, jioni moja ya Julai, jikoni, mtoto akiwa amefumba macho.

Mtoto ni Kui. Alikuwa na miaka mitano. Alikuwa amepiga magoti kwenye gunia tupu lililotandikwa karibu na moto, mikono ameikunja chini ya kidevu, anaomba kama mtu anayepita njia aliyoizoea, bila kutazama anapokanyaga.

"Asante Mungu kwa chakula. Bariki baba. Bariki Kiarie. Bariki Rosi na ndama wake. Msalimie mami. Na ubariki mgeni wetu Anti Naliaka, umfikishe kwake salama. Amina."

"Amina," akasema baba yake, Naftaly.

"Amina," akasema Kiarie, kaka yake wa miaka minane, jicho moja tayari liko kwenye chakula.

Naliaka naye akasema amina, maana angesema nini. Kisha akainuka akaenda kuosha sufuria ambayo alikuwa ameshaiosha.

Alikuwa mgeni wa miezi sita.

Ni lazima nieleze desturi ya wageni, ingawa wengi mnaijua. Nyumba za huku juu, mtu akikutembelea haondoki hivi hivi. Chai ikishanyweka na mikoba ikishashikwa, mwenye nyumba anasema, haya, tusimame. Mnasimama, na mmoja anamkabidhi mgeni kwa Mungu pamoja na barabara, dereva na matairi, mpaka mlango wa kwake. Ndipo anafunguliwa geti. Kui aliyaona hayo tangu akibebwa mgongoni. Basi kila jioni alimwomba Mungu amfikishe Naliaka kwake, na kila asubuhi akiamka alimkuta Naliaka bado yuko, ameinama anapuliza moto.

Naliaka alikulia Nakuru mjini, kwenye zile nyumba za zamani za reli, ambako baba yake alikuwa fundi wa kupaka mafuta magurudumu ya treni. Kwa miaka kumi na mmoja aliuza viazi sokoni. Aliwahi kuolewa, na nyumba hiyo aliitoka bila mtoto, na daktari aliyemweleza sababu hakutumia maneno mengi. Naftaly alikuwa mkulima aliyemletea viazi, mjane wa miaka miwili, mtu wa kusema "sawa" na kunyamaza. Siku moja, wakishona mdomo wa gunia, Naftaly alimweleza habari za watoto wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. Januari iliyofuata Naliaka akapanda huku Kuresoi na mikoba miwili na koti lake la Jumapili.

Marehemu alikuwa akiitwa Mama Kiarie. Naliaka hakuna aliyejua amwite nani. Kule kwenye dairy, wanakopeleka maziwa, walisema Bibi ya Naftaly. Watoto walisema Anti.

Ibada ya jioni ilikuwa mambo ya Mama Kiarie, na alipozikwa ilizikwa naye. Naftaly hakuiweza. Mtu huyu angeweza kubeba gunia la viazi mgongoni kupanda kilima bila kutweta, lakini ukimwambia aombe kwa sauti, alikumbuka ghafla kazi zizini. Naliaka aliianzisha upya mwezi wa Februari. Hakuianzisha kwa sababu ya utakatifu, aliniambia hivyo wazi. Kwao kwenye nyumba za reli watoto walikuwa wanane, na baba alirudi mweusi kwa mafuta, amechoka, hana neno. Lakini saa ya sala alimtazama kila mtoto usoni, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kufumba macho. Hiyo ndiyo saa pekee mtu alionwa. Naliaka alitaka saa hiyo katika nyumba hii. Alitaka kuwaona, na kama Mungu angependa, aonwe.

Mwanzoni alikosea kila kitu. Aliwakalisha sebuleni kwenye viti vya vitambaa, akasoma sura nzima kwa sauti ya kanisani. Kiarie akahesabu misumari ya ukuta. Kui akalala na kijiko mkononi. Naliaka akahamisha ibada iwe kabla ya kula, na njaa ikawafanya watoto wamwone Mungu kama mtu anayezuia chakula mlangoni. Kiarie akauliza, kwa adabu kabisa, kama Danieli alikuwa anaomba akiwa amekula ama hajakula.

Mwezi wa Machi ndipo alipopata njia. Aliwahamishia jikoni, palipo na joto, akatandika gunia. Akachukua viazi vinne vya aina ya shangi, vidogo vya kulingana, akavifukia kwenye jivu la moto mbele ya macho yao. Hapo hadithi ikaanza. Hakusoma tena, alisimulia. Harufu ilipobadilika, ile ya ganda likianza kuungua, walijua hadithi imefika mwisho, kila mtu akaomba lake, fupi, na amina ya mwisho ikafukua viazi. Ibada ya nyumba ile ikawa na urefu wa kiazi kuiva. Naftaly alianza kuja bila kuitwa, akikaa karibu na mlango kama aliyepita tu kuchukua panga.

Hadithi waliyoipenda ilikuwa ya Danieli kwenye shimo la simba. Kui hakusumbuka sana na Danieli. Yeye alitaka kujua simba walikula nini siku hiyo.

"Hawakula," Naliaka alimwambia. "Mungu aliwafunga midomo."

"Basi walilala njaa."

"Walilala njaa."

"Na hawakuwa wamemkosea mtu," Kui akasema, na jioni ile akakataa kiazi chake, akakiweka dirishani kwa ajili yao.

Muda wote huo Kui hakuomba kwa sauti. Alifumba macho tu. Mwezi wa Juni, bila kuombwa, alipiga magoti akaanza: bariki baba, bariki Kiarie. Naliaka anasema moyo ulimpanda mpaka hapa, akanionyesha shingo. Alingoja jina lake kama mtoto anayengoja kuitwa siku ya matokeo. Likaja mwisho kabisa, pamoja na mgeni, pamoja na umfikishe kwake salama.

Naftaly alijaribu kusaidia. "Kui," alisema jioni ya pili, "Anti si mgeni." Kui akafumbua jicho moja, akalifumba, akarudia maombi yake tangu mwanzo, neno kwa neno, mpaka kwa mgeni. Naliaka akamwambia Naftaly amwache mtoto. Huwezi kulazimisha mtu akuombee anavyoombea watu wake. Ukimlazimisha, unasikia nini basi? Unasikia sauti yako mwenyewe.

Alivumilia Juni yote na Julai yote. Mchana alikuwa sawa. Alichota maji, alikamua Rosi, alimsuka Kui nywele, na Kui alikaa kati ya magoti yake bila kulia. Ni ile jioni iliyomshinda. Viazi vinaiva, harufu inabadilika, na yeye anaanza kukaza tumbo kama mtu anayejua atadungwa sindano wapi.

Agosti ikaja na mavuno. Shule zilikuwa zimefungwa. Walikuwa shambani tangu ukungu haujainuka, Naftaly na vibarua wawili mbele na majembe ya meno wanageuza udongo, Naliaka na watoto nyuma wanaokota, vikubwa huku, vya mbegu huku, vilivyokatwa na jembe vya kula nyumbani. Mikono ilijaa udongo uliokauka ukapasuka. Jioni ya kwanza Naliaka alisema, leo tumechoka, tule tulale. Hakuna aliyebisha. Jioni ya pili vivyo hivyo. Jioni ya tatu Kiarie alileta viazi vinne mwenyewe akaanza kuvifukia, na Naliaka akamwambia avitoe, chakula kiko tayari.

Kiarie akavitoa. Alivipangusa kimoja kimoja kwa sweta, akavirudisha kwenye debe.

Tangu siku hiyo Kui akaanza kumfuata. Naliaka akienda kisimani, Kui yuko nyuma. Akipeleka maziwa dairy, anasikia gambuti ndogo zinapiga matope. Akienda chooni, akitoka anamkuta amesimama kando ya mlango, kimya, amemkazia macho. Naliaka alidhani analindwa asiibe. Anacheka sasa akisema hivyo, lakini hakucheka wakati ule. Alijiambia, mtoto anangoja aone nitaondoka lini.

Gunia la mwisho lilipopakiwa kwenye lori la broka anayenunua viazi, alimwambia Naftaly kwamba anataka kwenda Nakuru kumwona mama yake, siku mbili. Naftaly akatazama kitandani. Mikoba ilikuwapo yote miwili, na juu yake koti la Jumapili.

"Sawa," akasema.

Akatoka. Baadaye Naliaka alisikia viazi vikigonga debe kule stoo, polepole, kimoja kimoja. Aliporudi alikuwa na nusu gunia, ameshona mdomo kwa uzi mpya. "Hizi za mama yako," akasema. "Nimechagua mwenyewe. Haina hata moja yenye jicho baya." Kisha akaenda kulisha ng'ombe ambaye alikuwa amelishwa.

Asubuhi pikapu ya Kipruto, dereva wa njia ya Molo, ikasimama nje ya geti, ndani kuna wanawake wawili wa sokoni na mitungi ya maziwa. Kiarie alisukuma nusu gunia kwa wilbaro. Naliaka alikuwa na mkoba huku na huku. Na Kui alikuwa amesimama ameegemeza mgongo kwenye geti, gambuti amevaa kinyume, ya kulia kushoto.

"Nipishe, Kui. Gari inangoja."

"Haujaombewa."

"Nitajiombea njiani."

"Haujaombewa," Kui akarudia, na akashika fito za geti kwa nyuma.

Kipruto akapiga honi. Akatoa kichwa dirishani akauliza, "Mathe, tunaenda ama tulete hema?" na wale wanawake nyuma wakacheka.

Naliaka anasema ni kicheko kile. Kama hawangecheka labda angeendelea kunyamaza. Aliweka mikoba chini kwenye matope, akamwinamia mtoto, na miezi yote ikamtoka kwa sauti ndogo. "Kui, kila jioni unamwambia Mungu anipeleke kwetu. Si umesema? Mimi nimesikia. Basi ndio naenda. Fungua geti."

Kui akazidi kushikilia fito. "Sikusema akupeleke," akasema. "Nilisema ufike."

Naliaka hakuelewa. Alimtazama Kiarie, na Kiarie akatazama gurudumu la wilbaro.

"Mami hakuombewa," Kiarie akasema.

Ilibidi amvute neno kwa neno. Ilikuwa hivi. Ile asubuhi ya Mama Kiarie gari lilikuja mapema sana, watoto wakiwa wamelala. Baba alimbeba kwa blanketi. Hakuna aliyesema tusimame. Hakufika hospitali, alikata roho barabarani kabla ya Molo. Watu wazima walisema ni damu, walisema ni kuchelewa, walisema mambo mengi. Kiarie alikuwa na miaka sita, akalala akayafikiria usiku kadhaa, akaipata sababu mwenyewe: wageni wote walioombewa pale nyumbani walifika kwao, na mami ndiye pekee aliyeondoka bila kuombewa. Akamweleza Kui, na Kui akashika. Na mwenye nyumba haombewi njia, ni mgeni tu anayeombewa njia. Ndiyo maana Kui akamweka Anti kwa wageni.

"Kwa sababu wewe unaendaga," Kiarie akasema. "Shamba, dairy, soko. Kila siku unaenda. Na saa hii tumekaa wiki mbili bila kuomba."

Naliaka alibaki ameinama vile vile. Mgongo ulikataa kunyooka. Alijua sasa zile gambuti nyuma yake, kisimani na chooni, zilikuwa zinafanya kazi gani.

Kipruto alizima injini. Labda alisikia, labda aliona tu. Akashuka, akavua kofia. Wale wanawake nyuma wakasimama kati ya mitungi, wakishikana mabega. Naftaly alikuwa ametokea kando ya zizi, ndoo mkononi, na hakukaribia zaidi.

Kui akafumba macho palepale getini. "Mungu, bariki Anti Naliaka anaenda Nakuru. Bariki gari. Bariki magurudumu. Huyu Kipruto asikimbize. Umfikishe salama. Amina."

"Amina," Kipruto akasema, akarudisha kofia. "Nimesikia, boss. Sitakimbiza."

Kui akafungua geti.

Naliaka alienda. Watu humuuliza kwa nini alienda, yeye anasema, mtoto ameshakuombea njia, utamwambia nini, kwamba umeghairi? Alienda mpaka Molo, akabadilisha gari mpaka Nakuru, na njia nzima alikuwa akisikia pengo la neno moja aliloliacha Kui. Umfikishe salama, basi. Hakusema kwake.

Mama yake anaishi bado kwenye chumba kile kile cha nyumba za reli, na binti mdogo wa jirani humpikia. Alimkuta amekaa mlangoni kwenye jua. Walikunywa chai. Mama akasifu viazi, akakikwaruza kimoja ganda kwa ukucha, akasema huyo aliyevichagua ana mkono. Kisha macho yake yakaenda kwenye mikoba, yakakaa hapo.

"Umekuja kukaa?"

"Nimeleta viazi, mama."

"Viazi haviji na koti la Jumapili," mama akasema.

 Naliaka alisimulia mengine, mavuno, bei, Rosi alivyozaa. Mama alimwacha amalize yote. Baada ya ugali aliangalia kivuli cha paa kilipofika uani, akajishikilia meza, akainuka kwa shida ya magoti yake. "Haya, simama," akasema. "Jua halitakungoja."

"Mama, sijasema naondoka."

"Wala hujasema unabaki."

Wakasimama. Mama akamwekea mkono kichwani, akafunga macho, akamshukuru Mungu kwa mtoto wake aliyekuja kumwona, akataja barabara, akataja dereva asiyemjua, akamwomba Mungu amfikishe Naliaka mpaka mlango wa kwake. Na Naliaka, mkono ule mwepesi ukiwa juu ya nywele zake, akatambua kwamba hapa pia ameombewa kama mgeni. Nyumba zote mbili zilimwomba Mungu amfikishe kwake, na kila moja ilionyesha njia ya ile nyingine.

"Amina, mama," akasema. Akavaa koti ili limpunguzie mzigo, akachukua mikoba yake.

Mvua ilimkuta Molo. Aliposhuka stage ya Kuresoi ilikuwa imebaki manyunyu tu, na giza linaingia. Alitembea ile kilomita na nusu, mkoba mmoja kichwani, mwingine begani, akiteleza pale ambapo lori la broka lilikuwa limechimba njia. Hakuwa amempigia Naftaly simu. Hakujua angesema nini. Ninarudi kwetu? Ninakuja kwenu?

Alipofika uani aliona mwanga wa moto kwenye nyufa za mbao za jikoni, akasikia sauti ya mwanamume, nzito, inajikwaa. Alidhani wana mgeni. Kisha akajua ni Naftaly. Naftaly alikuwa anasimulia.

"Basi huyo Danieli," Naftaly alisema, "akaambiwa aache. Akakataa. Akaenda dirishani."

"Akapiga magoti," Kiarie akamsahihisha.

"Akapiga magoti. Mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku, baba. Hata haujui."

"Mara tatu. Huyo mtu hakuwa na viazi vya kuvuna," Naftaly akasema, na kimya kilichofuata kikamtisha, akaharakisha. "Basi wakamtupa kwa simba."

"Na simba walikula nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Kui.

Naftaly akafikiri kwa muda mrefu. Naliaka, nje kwenye manyunyu, alishika mlango asiufungue. "Walipewa asubuhi," Naftaly akasema hatimaye. "Yule mwenye kuwalisha alichelewa tu. Lakini alikuja."

Harufu ilikuwa imebadilika kitambo. Naftaly alikuwa amefukia viazi vikubwa vya kuuza, na nje vilikuwa mkaa huku ndani havijaiva. Hakuna aliyemwambia.

Naliaka akasukuma mlango. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye pindo la koti. Naftaly alianza kusimama, akakaa tena, mikono yake haijui iende wapi. Kiarie akatazama mikoba, akahesabu, moja, mbili. Kui hakumkimbilia. Alimwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, kama mtu anayekagua gunia lililorudi kutoka sokoni.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

Kui akasogea, gunia likaacha nafasi ya mtu mmoja. Naliaka akaketi akiwa na koti lake bichi, na moto ukaanza kutoa mvuke mabegani mwake. Hakuna aliyemuuliza kuhusu siku mbili. Naftaly akamwombea kila mtu kwa pamoja, maneno sita ama saba, ya kwanza kuwahi kusikika kutoka kwake, na masikio yake yakawa mekundu kwa mwanga wa moto. Kiarie akaomba mvua iishe mpaka mahindi yakauke. Kisha ikawa zamu ya Kui.

Alikuwa amekaa macho tangu asubuhi, aliniambia Naliaka, hata mchana alikataa kulala. Hakupiga magoti. Alijiegemeza kwenye paja la Naliaka, akakunja mikono hapo hapo, shavu likiwa kwenye koti bichi.

"Asante Mungu kwa chakula," akaanza. Maneno yalikuja taratibu, moja likisubiri lingine. "Bariki baba. Bariki Kiarie. Bariki Rosi... na ndama wake." Akapumua.  "Msalimie mami. Mwambie tumevuna."  Ukuni ukaanguka motoni, cheche zikapanda. "Na bariki..."

Wakangoja.

Kidole kimoja cha Kui kilikuwa kimeshika kifungo cha koti. Kikalegea. Kichwa chake kikawa kizito kwenye paja, kizito zaidi, uzito ule wa mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Naftaly alisafisha koo ili aseme amina, amfungie. Naliaka akatikisa kichwa.

"Hajamaliza," Kiarie akanong'ona.

"Mwache," Naliaka akasema. "Atamaliza kesho."

Basi hakuna aliyesema amina. Walikula kimya kimya wali uliobaki na maharagwe, wakipitisha sahani juu ya mtoto. Kiarie alienda kulala kwanza, na dakika chache tu alisikika akikoroma upande wa pili wa ukuta. Naftaly alitaka kumbeba Kui ampeleke kitandani. Naliaka akamwambia aache kwanza, akishtuka atalia. Naftaly akaleta blanketi, akawafunika wote wawili, mkubwa na mdogo, akalipindia pembeni chini ya viatu vya Naliaka visipate baridi. Alisimama pale kidogo. Kisha akachukua mikoba yote miwili pale mlangoni akaingia nayo nyumbani, na taa yake ikazimika.

Mguu wa Naliaka ulikufa ganzi. Hakuusogeza. Mvua ilikuwa imeisha kabisa, matone ya mwisho tu yakianguka kutoka kwenye bati, na ndani ya zizi Rosi alikuwa anacheua. Kila mara Kui alipovuta pumzi ndefu, Naliaka aliinamisha sikio karibu na mdomo wake, kama neno lingetoka. Aliinamisha tena. Na tena. Mara ya mwisho kichwa chake hakikuinuka, kikabaki hapo juu ya nywele za mtoto, na moto nao ukajifunika jivu.